Mguu wa mama na kadi isiyo na nafasi

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mtumishi wa halmashauri. Naishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na mke wangu na watoto watatu. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba. Nyuma yangu kuna dada mmoja, na kitinda mimba wetu wa kiume yuko Kibaigwa kwenye biashara ya mahindi. Baba alishatangulia. Mama ana miaka 67, anaishi na mjukuu wake kijijini, upande wa Mvumi, kwenye tembe letu la zamani ambalo amekataa katakata kulihama.

Mama ana sukari, aligundulika miaka sita iliyopita. Vidonge anakunywa, ingawa najua kuna miezi anavikosa na mingine anavila siku moja anaruka moja ili vifike mbali.

Wiki saba zilizopita mjukuu aliamka asubuhi akaona damu kwenye shuka la bibi yake. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeliwa pembeni. Panya. Chumba anacholala mama ndicho ghala, magunia ya karanga na uwele yamepangwa mpaka karibu na kitanda. Lakini kilichonitisha mimi si panya, ni kwamba mama hakuamka. Nilipomuuliza alicheka, akasema huo ndio usingizi wa uzee. Akaosha kwa maji ya moto yenye chumvi, akafunga kitambaa, akaenda shambani.

Kwenye zahanati walimsafisha na kumpa dawa, akarudi mara tatu. Kidonda badala ya kufunga kikaingia chini, upande wa unyayo. Hakimuumi hata kidogo, anakitembelea akiwa na katambuga zake kama kawaida. Muuguzi aliniambia maneno haya: "Mtafutieni daktari wa miguu huko mjini."

Mshauri, nimemtafuta. Wiki mbili mfululizo nikitoka kazini nazunguka. Duka la dawa moja pale Majengo walinielekeza kwa daktari wa mifupa. Mwingine akasema wa ngozi. Mtu mmoja alinipeleka kwa nia njema kabisa hadi saluni ambako kuna kijana anasugua visigino vya akina mama! Mwishowe nikapata kliniki moja binafsi yenye daktari anayeshughulika na vidonda vya miguu ya watu wenye sukari. Nikauliza bima. Kijana wa dirishani akasema NHIF, ile bima ya mfuko wa taifa, wanapokea, CHF, ile ya mfuko wa jamii, hapana. Bila NHIF ni 85,000 kumwona daktari na kusafishwa kidonda, na mgonjwa wa namna hiyo hurudi kila baada ya siku mbili tatu.

Hapo ndipo ninapokwama. Mama yuko CHF iliyoboreshwa, ile tuliyolipia 30,000 kwa kaya kwa mwaka. NHIF ninayo mimi, lakini imejaa. Kama unavyojua, mchangiaji anaandikisha mwenza na wategemezi wanne. Watatu ni wanangu. Wa nne ni mama mkwe. Nilimwandikisha mwaka 2020, presha ilipokuwa inamsumbua, na wakati huo mama yangu alikuwa mzima, anapalilia ekari mbili za karanga peke yake. Tena ni mama mwenyewe aliyeniambia, "Mwandikishe mwenzangu, mimi bado nina nguvu." Mama mkwe yuko Manyoni, na dawa zake za presha zote anachukua kwa kadi hiyo.

Sasa nyumba inawaka moto. Mdogo wangu anasema nimtoe mama mkwe nimweke mama. Alinipigia simu usiku akasema, "Mama yetu anaozea kijijini, wewe unamtibu mama wa mwenzio." Sijalala vizuri tangu siku ile. Dada yangu anasema kwa nini tuhangaike, tuazime tu kadi ya mama mkwe. Wazee hawa wamelingana umri, wote wafupi, wote wanajitanda, nani atachungulia? Mjomba naye anasema mguu ule si wa hospitali, mama amekanyaga kitu kilichotegwa, na yuko mtu anayemjua wa kulitoa. Wote wanakubaliana jambo moja tu, kwamba tuuze ng'ombe wawili kati ya watano wa mama.

Mke wangu sijamwambia lolote kuhusu kadi. Nikimwambia namtoa mama yake, atanitazama vipi? Na mama ukimgusia habari ya mjini anasema neno moja, "Nisikatwe." Jirani yake alikatwa mguu juu ya goti, akarudishwa nyumbani, na miezi mitatu haikupita tukamzika.

Naomba unisaidie. Je, ni haki kumtoa mama mkwe? Na kama si haki, nimpate wapi daktari wa miguu anayepokea bima aliyonayo mama?

Kifungua Mimba, Nkuhungu

*

Mbukwa, Kifungua Mimba. Na marahaba, mwanangu.

Barua yako ina watu wengi, na kila mmoja anavuta upande wake: mdogo wako, dada, mjomba, mama mkwe, mke ambaye hajaambiwa kitu. Katikati yao umesimama wewe na kadi yenye nafasi nne. Nitafika kwenye kadi. Lakini kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kujibu barua nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na jicho langu la zamani limesimama pale ulipoandika kwamba mama hakuamka.

Mtu mwenye sukari ya muda mrefu isiyodhibitiwa, mishipa yake ya fahamu huharibika, na huanzia miguuni. Mguu unakufa ganzi kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Mwiba unaingia hausikii. Kaa la moto linaangukia kidoleni hausikii. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kwa hiyo jeraha dogo linakosa damu ya kulilisha. Kisa cha panya si kioja wala si mkosi wa mama yako peke yake. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye jina lake linajulikana duniani kwa kazi ya miguu ya wenye kisukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa hapa hapa Tanzania waliong'atwa na panya usingizini bila kusikia. Mwonyeshe mjomba habari hiyo. Kilichotegwa hapo ni karanga na uwele, na aliyekuja kuvifuata alikutana na kidole kisichojitetea.

Kwa hiyo neno lako "hakimuumi", ambalo nadhani limewatuliza wote kwa wiki saba, mimi linanitia hofu. Kidonda kuingia chini ya unyayo bila kuuma si dalili ya nafuu. Kinakanyagwa kila siku kwa uzito wote wa mwili kwa sababu mwenye mguu hapati taarifa. Leo jioni mpigie mjukuu, mwambie auangalie mguu mchana kweupe na akwambie anachoona. Je, kuna weusi popote? Kuna harufu? Wekundu au uvimbe unapanda kuelekea kifundoni? Usaha? Mama ana homa, anatetemeka, amepoteza hamu ya kula? Likiwepo hata moja, mambo ya kadi yawekwe pembeni na mama afike hospitali siku hiyo hiyo, iliyo karibu kuliko zote, na kwa upande wenu nadhani hiyo ni Hospitali ya Mvumi. Kama hakuna hata moja, bado ni siku chache tu, siyo kikao kingine cha ukoo. Na yale maji ya moto na chumvi yakome. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kupima joto la maji, na nimeona watu walioungua hadi malengelenge huku wanasema yalikuwa vuguvugu.

Sasa tuje kwa huyu daktari wa miguu.

Umemtafuta kwa bidii hadi saluni, na nilicheka pale, samahani, ingawa nilijua unavyochoka. Ila naomba tukae kidogo na jina hilo. Uingereza wapo wataalamu waliosomea miguu tu, na Afrika Kusini wanasomeshwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Kwetu watu wa aina hiyo ni wachache mno, kwa hiyo ukizunguka Dodoma ukimuulizia kwa jina hilo, kila mtu atakuelekeza kwa anayemdhania. Kazi yenyewe hata hivyo inafanyika. Imegawanywa tu. Sukari inashughulikiwa na kliniki ya sukari, nyama iliyokufa inaondolewa na daktari wa upasuaji, mfupa ukihofiwa unapigwa picha na kuonwa na wa mifupa, na kidonda kinafungwa na muuguzi mwenye mikono iliyozoea kazi hiyo. Kiatu na kifaa cha kupunguzia uzito ni kazi ya mafundi wanaosomeshwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981. Miaka ya 2000 mwanzoni kulikuwa na mradi ambao daktari Abbas alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, uliofundisha madaktari na wauguzi wawili wawili kutoka mikoa mbalimbali kuhudumia miguu hii. Kwa hiyo ukifika dirishani usiulize kama kuna daktari wa miguu. Uliza kliniki ya sukari ni siku gani, na vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari vinasafishwa chumba gani na nani. Utashangaa jibu linavyobadilika.

Halafu kuna kitu kimoja sikukiona kwenye barua yako, nimerudi kukitafuta mara ya pili. Muuguzi wa zahanati alikwambia kwa mdomo. Je, alikupa barua ya rufaa?

CHF iliyoboreshwa, mwanangu, haiishii zahanati. Inapanda ngazi, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ambayo wenyeji wengi bado tunaiita General. Sharti lake ni kwamba upande kwa ngazi, na kila ngazi ikukabidhi kwa ya juu yake kwa karatasi. Ninavyoona, wewe uliondoka zahanati na neno, ukaanza kutafuta mtu, wakati uliyemtafuta alikuwa nyuma ya karatasi ambayo hukupewa wala hukuiomba. Sikulaumu, na yule muuguzi pia simlaumu sana, foleni ya pale naijua. Lakini kesho dada au mjukuu anaweza kurudi na mama zahanati, aombe rufaa iandikwe, ikitaja sukari, ikitaja kidonda cha wiki saba, na ikitaja kwamba mguu hausikii.

Hilo la kutosikia mnaweza kulipima nyumbani. Mama afumbe macho. Mguse taratibu, bila kubonyeza, kwa ncha ya kidole chako: kidole gumba cha mguu, cha katikati, na cha mwisho, kisha mguu wa pili. Ni migusano sita, na aseme mwenyewe kila anaposikia mguso, usimuulize "hapa je?" kila ukigusa maana atakujibu kwa kukuridhisha. Akikosa miwili au zaidi, ndiyo hiyo ganzi. Mwambie daktari.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja. Sera ya afya ya mwaka 2007 inawasamehe gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kwenye hospitali za serikali. Mama ana 67. Kama anahesabika hana uwezo ni suala la mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii, na ng'ombe watano wanaweza kuleta maneno. Inafaa kuuliza.

Nisikupambie. Mlango kufunguka si dawa kuwepo. Kwa CHF na kwa msamaha wa wazee utasikia mara nyingi kwamba kitu fulani hakipo, kanunueni nje. Itakubidi ununue bandeji, pengine na dawa za vidonda, na foleni itakula siku zako za kazi. Ndiyo maana siikejeli ile kliniki binafsi. Huenda daktari wake ni mzuri kweli. Lakini tupige hesabu pamoja: 85,000 mara tatu kwa wiki ni 255,000, na kwa wiki nne ni zaidi ya milioni moja, na kidonda cha chini ya unyayo hakiheshimu wiki nne. Kabla ya kuuza ng'ombe, waulize watu wa kliniki ile maswali yaliyonyooka. Wanapima mapigo ya damu mguuni? Wanapiga picha ya mfupa? Ikibidi kuingia chumba cha upasuaji, wanacho, au watatuandikia kwenda General au hospitali ya Benjamin Mkapa, yaani pale pale ambapo tungeweza kuanzia?

Na hata hiyo NHIF yenyewe, kibao cha "tunapokea" ukutani kinatakiwa kusomwa kwa tahadhari. Utakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama kwa sababu ya bei, na watu wakafika dirishani na kadi mkononi wakarudishwa. Sisemi itatokea kwenye kliniki yako. Nasema tu kwamba ukimtoa mtu mmoja kwenye bima ili kuufikia mlango mmoja wa binafsi, umeegemea mlango ambao funguo zake huna.

Tumefika kwenye kadi.

La dada nitaanza nalo kwa sababu linaonekana jepesi. Kutumia kadi ya mtu mwingine ni udanganyifu, na wewe ni mtumishi wa umma, mchangiaji ni wewe, jina litakalofuatiliwa ni lako. Hilo nadhani unalijua. Ambalo dada hajalifikiria ni faili. Siku mama akisafishwa kidonda kwa jina la mama mkwe, mama mkwe anakuwa na sukari kwenye karatasi, na mama anakuwa na presha. Dawa zitaandikwa kwa mwili ambao haupo mbele ya daktari. Na siku mama mkwe akianguka akapelekwa hospitali hajitambui, watamtibu kwa historia ya mtu mwingine. Dada anaona wazee wawili wafupi wanaojitanda. Daktari atakuwa anaona mgonjwa mmoja asiyekuwepo.

La mdogo wako ni gumu zaidi, na sitakutolea hukumu. Maneno yake yanauma kwa sababu yana nusu ya ukweli, na nusu nyingine ameisahau: nafasi ile mama yako mwenyewe aliitoa. "Mwandikishe mwenzangu." Sasa ukitaka kuirudisha, sidhani wa kwanza kuulizwa ni ndugu zako. Ni yeye. Anaweza kusema ichukueni, naihitaji. Anaweza kusema siwezi kumnyang'anya mwenzangu dawa. Yote mawili ni haki yake kuyasema, na mpaka sasa katika barua nzima mama ameulizwa jambo moja tu, kwenda mjini, naye akajibu kwa hofu.

Ukiamua kubadilisha, angalia mambo haya. Kwanza muda. Nenda ofisi ya NHIF hapo hapo mjini uulize kubadilisha mtegemezi kunachukua siku ngapi na kunahitaji nyaraka gani, maana kidonda hakitasubiri fomu, kwa hiyo njia ya rufaa mtaihitaji tu huku mkingoja. Ulizia pia kanuni za umri kwa watoto. Hukutaja mkubwa ana miaka mingapi, na pengine nafasi inakaribia kufunguka yenyewe. Pili, presha. Mama mkwe akikaa mwezi mmoja bila dawa unaweza kujikuta na wagonjwa wawili, mmoja wa mguu na mwingine wa kiharusi. Kwa upande mwingine, ni kweli pia kwamba presha iliyotulia huhudumiwa ngazi za chini, ambako CHF inafika vizuri, na mguu wa mama unaweza kuhitaji ngazi ambayo CHF haifiki. Ukilitazama hivyo, swali linaacha kuwa nani alikuzaa na nani alimzaa mkeo, linakuwa nani anahitaji mlango upi mwaka huu. Lakini mimi nalisema nikiwa nimekaa, na presha ya mama mkwe siijui. Daktari wake anaijua.

Na mkeo. Umeshamhukumu bila kumsikiliza, mwanangu. Umemwona akikutazama vibaya kwa jambo ambalo hajaambiwa. Ameishi na wewe hizi wiki saba, anakuona unachelewa kurudi, halali huku wewe hulali, na anadhani nini? Wapo wake ambao wangekasirika, siwezi kukuapia. Lakini wapo ambao wangesema, mama ana watoto wengine Manyoni, wachange tumwandikishe CHF kwa muda. Hilo likitoka kinywani mwake litakuwa na uzito tofauti kabisa na likitoka kwa mdogo wako wa Kibaigwa. Ukichelewa, atalisikia kwa shemeji zake, na hapo kosa halitakuwa la kadi tena.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni, hapo hapo Dodoma, Novemba 2023, na huenda siku moja barua kama yako hazitaandikwa. Kwa Jumatatu hii usiisubiri.

Mama anasema asikatwe. Usimwahidi kwamba hatakatwa, maana hujui, na mimi sijui, na akija kukatwa kidole kimoja baada ya ahadi yako hatakuamini tena kwa lolote. Unachoweza kumwahidi ni kwamba hakuna kitakachofanyika kabla ya daktari kumweleza yeye kwa lugha anayoielewa, Kigogo ikibidi, na yeye kukubali. Habari za jirani yake sizijui kwa undani. Ninachojua kutoka wodini ni kwamba wengi waliokatwa juu ya goti walifika wamechelewa, wakati mwingine baada ya miezi ya kuogopa kisu. Kidole kilichooza kikiondolewa mapema mara nyingine ndicho kinachouokoa mguu. Muulize pia anachoogopa hasa ni nini. Kuna mzee mmoja nilimuuguza, tulibishana naye siku nne tukidhani anaogopa maumivu, kumbe alikuwa anaogopa kufia mjini akazikwa mbali na mumewe. Tulipompa neno juu ya hilo, alisaini mwenyewe.

Mjomba usipigane naye. Akitaka kufanya tambiko au dua, na lifanyike, kwa masharti kwamba kidonda hakiguswi: hakuna chale, hakuna unga wa mizizi, hakuna moshi wala moto karibu na mguu. Halafu mpe kazi yenye heshima, maana mtu asiye na kazi kwenye ugonjwa hutafuta sababu. Mama akiwa mjini nani atalinda ng'ombe na shamba? Mjomba. Na mdogo wako, ambaye ndiye mwenye kelele kuliko wote, anajua kuhifadhi nafaka, ndiyo biashara yake. Aje na turubai na mbao, atengeneze mahali pa magunia nje ya chumba cha mama. Nadhani akishika kazi hiyo kwa mikono yake hasira itapungua, ingawa kwa watu wa Kibaigwa siwezi kuapa.

Ng'ombe waacheni wasimame kwa sasa. Fedha zitahitajika, ila afadhali mjue kwanza zinakwenda kununua nini: nauli, bandeji, vidonge vya sukari ambavyo havirukwi siku, na viatu. Katambuga kwa mguu huo hapana. Ni ngumu chini na wazi juu, na miiba ya Ugogo unaijua. Anahitaji kiatu kipana, laini ndani, kilichofunika vidole, na kabla ya kukivaa mjukuu aingize mkono ndani kila asubuhi kutafuta kokoto. Kwa sasa, mpaka kidonda kionwe, asitembee kabisa zaidi ya kwenda msalani. Kwa mwanamke aliyepalilia ekari mbili peke yake hilo litakuwa gumu kuliko dawa yoyote, na nakuonea huruma wewe utakayemwambia.

Usiku huu, hata kabla ya zahanati, alale ndani ya chandarua kilichofumbatwa vizuri chini ya godoro pande zote nne, miguu yote miwili ikiwa ndani. Magunia yasogezwe. Na ukishaipata ile barua ya rufaa mkononi, niandikie.

Mshauri wako